Tuuzieni filamu pamoja na makovu yake

Kuna tukio moja ambalo huwa namwonyesha kila mgeni anayeniuliza kwa nini mtu anunue filamu moja mara mbili. Limo katika Nosferatu ya F. W. Murnau, filamu bubu ya Ujerumani ya mwaka 1922. Mwinyi Orlok, mnyonya damu mwenye masikio ya popo na kucha ndefu, ameshashuka melini. Anapita peke yake katika mitaa ya mji, jeneza lake kalikumbatia kama seremala anayepeleka mbao kwa mteja. Naweka kwanza DVD ya bei ya chini ambayo binamu yangu aliniletea kutoka London. Humo mwinyi anatembea mchana kweupe, kuta zinang'aa. Halafu naweka diski ya pili, iliyotoka kwenye kasha la wakusanyaji. Picha ni ile ile, hatua ni zile zile, ila yote imezama kwenye buluu. Simwambii mgeni kitu. Anasema mwenyewe: kumbe ilikuwa usiku.

Mkanda wa picha wa enzi zile haukuwa na uwezo wa kunasa giza. Mafundi walipiga filamu mchana, kisha nakala ikatiwa rangi maabara: buluu kwa usiku, manjano kwa mchana na mwanga wa taa, waridi kwa mapambazuko. Mtazamaji wa Berlin alizisoma rangi hizo bila kufundishwa, kama sisi tunavyosoma taa za barabarani. Baadaye filamu ikanakiliwa tena na tena kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe kwa sababu ulikuwa nafuu, rangi zikaachwa njiani, na usiku ukapotea.

Sasa tazama hasara yenyewe. Hii ndiyo filamu iliyobuni jambo ambalo leo kila mtoto anayetazama sinema analijua, kwamba jua humuua mnyonya damu. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Dracula hutembea mchana, nguvu zikiwa zimempungua tu, na mwisho wake unaletwa na visu. Ni Murnau na mwandishi wake Henrik Galeen waliomweka mwanamke ajitoe mhanga, amshikilie mgeni wake hadi jogoo awike, mwale wa kwanza upenye dirishani na kumfuta kama moshi. Kwenye diski ya binamu yangu, mnyonya damu huyu anayekufa kwa jua ameshatembea juani mapema, na hakuna lililompata. Filamu inajikana yenyewe. Mtazamaji anaondoka akidhani watu wa zamani hawakujua kutunga kisa, kumbe kisa kilikuwa kizima na aliyekivunja ni mnakilishaji.

Nakusanya filamu za wanyonya damu kwa zaidi ya miaka kumi na tano sasa, na katika muda huo nimefikia hukumu moja ambayo sioni dalili ya kuibadili. Kasha linalostahili bei yake ni lile linalomweleza mnunuzi filamu imepitia nini: imekatwa wapi, na nani, kipande kipi kimetoka nchi gani, rangi imerudishwa kwa ushahidi upi. Kasha linaloyaficha hayo na kukupa badala yake kadi za picha, sanamu na jalada linalometameta, limekuuzia boksi.

Na filamu hizi zinadai uaminifu huo kuliko aina nyingine nyingi, kwa sababu ukizichunguza utakuta zile zilizo kubwa ziliwahi kukatwa, kuzuiwa au kuhukumiwa. Nosferatu ilihukumiwa kifo, na hapo sitii chumvi. Kampuni ya Prana-Film haikununua haki ya riwaya. Ilibadili majina, Dracula akawa Orlok, ikaona imemaliza. Florence Stoker, mjane wa mwandishi, akaipeleka mahakamani. Kampuni ikafilisika, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Kilichoiokoa ni kwamba nakala nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka. Ukarabati wa mwaka 2005 na 2006, uliosimamiwa na taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, ulijengwa juu ya nakala ya Kifaransa ya mwaka 1922 iliyotiwa rangi na kuhifadhiwa Cinémathèque française, hifadhi ya filamu mjini Paris. Buluu inayomfanya mgeni wangu aseme alichosema ilikuwa imelala huko miaka yote hiyo. Muziki ambao Hans Erdmann aliutungia uzinduzi wa mwaka 1922 nao uliungwa upya, ukarudishwa chini ya picha.

Siwezi kuzidharau nakala za rahisi. Kutawanyika ovyo kwa nakala, za halali na za wizi, ndiko kulikoishinda amri ya mahakama. Lakini hilo nalo ni sehemu ya habari ambayo kijitabu cha ndani kinapaswa kuisimulia. Ukikuta kasha la Nosferatu ambalo kijitabu chake kina kurasa nyingi za picha za Max Schreck, aliyemwigiza Orlok, na hakuna sentensi moja inayosema nakala iliyotumika ilitoka wapi, lirudishe rafuni.

Nije kwa Dracula wa Universal, studio ya Hollywood, wa mwaka 1931, aliyeongozwa na Tod Browning na kuigizwa na Bela Lugosi. Huyu amefungashwa na kuuzwa upya mara nyingi ajabu. Kulikuwa na DVD ya mwaka 1999. Likaja kasha la Legacy Collection mwaka 2004, wakati studio ikiipigia debe filamu yake mpya ya Van Helsing. Likaja toleo la kutimiza miaka 75 mwaka 2006. Mwaka 2012 akaingia kwenye Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD, ndani ya kasha la filamu nane za majitu, na mwaka 2021 akaja kwa 4K, iliyo kali zaidi. Mimi ninayo matatu kati ya hayo.

Kasha la 2004 lilikuwa na filamu tano ndani: Dracula yenyewe, Dracula ya Kihispania, Dracula's Daughter ya 1936, Son of Dracula ya 1943 na House of Dracula ya 1945. Mtu aliyetaka toleo la zawadi alipata na vichwa vitatu vya sanamu, Dracula, jitu la Frankenstein na mtu-mbwamwitu. Rafiki yangu anavyo, amevipanga juu ya kabati la televisheni, na kila nikimtembelea namwangalia Lugosi wa plastiki nikikumbuka ujira wake. Alilipwa dola 500 kwa wiki kwa wiki saba, jumla dola 3,500, kwa sura ambayo imeendelea kuuza bidhaa hadi leo. Alifariki mwaka 1956 akazikwa na joho la Dracula. Mjane wake na mwanawe waliishtaki studio kwa kuuza leseni za bidhaa zenye sura ya marehemu, na mwaka 1979 Mahakama Kuu ya California ikaamua kuwa haki ya sura yake haikurithika. Miaka michache baadaye jimbo hilo likatunga sheria ya kuwalinda warithi wa watu mashuhuri. Habari kama hii ina uzito kuliko sanamu, na ingetosha kurasa mbili za kijitabu.

Lakini nitalitetea kasha lile la 2004 kwa jambo moja, nalo ni Dracula ya Kihispania. Siku hizo sauti ilikuwa ngeni kwenye sinema na kuingiza sauti za lugha nyingine juu ya picha kulikuwa bado hakujakomaa, basi studio zikawa zinapiga filamu ile ile kwa waigizaji wa lugha nyingine. Browning na Lugosi walifanya kazi mchana. Usiku, wao walipokwenda kulala, waliingia kundi lingine kwenye majengo yale yale ya mandhari, ngazi zile zile, utando ule ule wa buibui, chini ya George Melford, mwongozaji ambaye hakujua Kihispania. Dracula wao alikuwa Carlos Villarías, na bibie Eva alikuwa Lupita Tovar kutoka Meksiko, msichana wa miaka ishirini hivi. Kabla ya kuanza waliweza kuona kilichopigwa mchana, wakajiuliza wafanye vipi kizuri zaidi.

Ukizitazama mbili hizi usiku mmoja, moja baada ya nyingine, utajifunza kazi ya uongozaji kuliko darasani. Angalia Renfield, mgeni kutoka Uingereza, anapokutana na mwenyeji wake Dracula kwenye ngazi za ngome. Browning anaweka kamera kwa mbali, anatuachia ukumbi mkubwa uliokufa (na kakakuona wa Marekani wanatambaa huko chini, sijui nani aliona wanafaa Transylvania), Lugosi anashuka taratibu na mshumaa. Melford anaipandisha kamera yenyewe, inapaa ngazi kumfuata Dracula alipo. Halafu angalia tukio la kioo. Profesa Van Helsing amegundua kwamba mgeni haonekani kwenye kioo kilicho ndani ya kifuniko cha kasha la sigara, anamfungulia ajione. Lugosi analipiga kasha kwa mkono likaanguka, kisha anajikusanya na kurudi kwenye adabu zake. Villarías analivunja kwa fimbo. Lugosi anatisha kwa jinsi anavyorudi haraka kwenye ustaarabu, na hilo Villarías hana. Filamu ya usiku ina kamera bora, ya mchana ina mtu bora. Nimebishana na wenzangu juu ya hili mara nyingi na bado naona hivyo. Ya Kiingereza ni ya dakika 75, ya Kihispania dakika 104, na katika hizo 29 za ziada kuna mazungumzo marefu ambayo mkasi ungeyafaa.

Ila kilichonifanya niipende zaidi ni kovu lake. Nakala hasi ya filamu hii, ile ya asili inayozalisha nyingine, ilikuwa imeoza sehemu ya reli (gurudumu la mkanda) ya tatu. Kwa miaka hakukuwa na namna ya kuitazama ikiwa kamili, mpaka nakala nzima ilipopatikana Havana, kwenye hifadhi ya filamu ya Cuba, na ndiyo iliyowezesha kanda ya video ya mwaka 1992. Ukitazama kwa makini unaona pale picha inapobadilika. Weusi unafifia, mikwaruzo inaongezeka, nyuso zinalainika, unajua sasa unatazama Havana. Baada ya dakika kadhaa picha inakaza tena, umerudi kwenye nakala ya studio. Tovar mwenyewe, aliyeishi hadi miaka 106 na kufariki mwaka 2016, alirekodi utangulizi wa filamu hiyo kwa ajili ya DVD. Mtu anayeiweka bila kujua kisa cha Havana atadhani diski yake ina hitilafu. Anayekijua atasogeza kiti mbele.

Hapa ndipo ninapogombana na ukarabati wa kisasa. Kazi iliyofanywa kwa Blu-ray ya 2012 ni nzuri, na sauti imesafishwa ule mlio wa mvua uliokuwa ukiifunika. Lakini kuna mtindo, hasa wa wachapishaji wadogo wanaotaka kuwafurahisha wanunuzi wa televisheni kubwa, wa kusafisha picha hadi punje za mkanda zinapotea na uso wa mtu unabaki kama nta. Punje zile ndizo picha. Ukiziondoa umeondoa na vinyweleo vya shavu na uzi wa kola. Katika Dracula ya 1931 kuna kipande cha kadibodi kimeegemezwa kwenye taa ya chumba cha kulala, kimesahaulika pale tangu siku ya kupiga picha, na kadiri matoleo yanavyokuwa makali ndivyo kinavyoonekana wazi. Kuna wanaotaka kifutwe kwa kompyuta. Naomba kisiguswe. Kipande kile kinaniambia kwamba mwaka 1930 kulikuwa na fundi amesimama pembeni akihangaika na mwanga usimchome mwigizaji usoni.

Kuna na waliokata kwa makusudi. Filamu hiyo iliporudishwa kwenye kumbi katika miaka ya 1930, kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa zimekaza, na mlio wa Dracula anapochomwa mti moyoni ukanyamazishwa pamoja na mayowe ya Renfield. Vizazi vizima vya watazamaji vilimwona mnyonya damu akifa bila hata kuguna. Matoleo ya nyumbani ndiyo yaliyorudisha sauti hizo, na kwa hilo wakusanyaji tunawadai studio shukrani, tena bila kinyongo.

Waingereza wana kisa chao. Mwaka 1958 kampuni ya Hammer walitoa Dracula yao kwa rangi, Terence Fisher akiongoza, Christopher Lee ndani ya joho na Peter Cushing akimwinda. Wakaguzi wa filamu wa Uingereza walipunguza sekunde kadhaa za tukio la kitandani na za mwisho, pale jua linapomnyausha Dracula. Kwa zaidi ya nusu karne mashabiki walisimuliana kwamba Wajapani waliona zaidi. Mwaka 2011 ikathibitika: hifadhi ya taifa ya filamu Tokyo ilikuwa na reli za nakala ya Kijapani, zilizokuwa zimenusurika moto wa mwaka 1984, na ndani yake Lee anajikwangua uso kwa vidole na ngozi inabanduka. Blu-ray ya Uingereza ya mwaka 2013 ikaziweka sekunde hizo mahali pake, na pia ikaziweka reli za Kijapani peke yake, zikiwa na madoa na uozo wake wote, ili mtu ajionee zilivyokutwa. Hicho ndicho ninachokiita toleo la wakusanyaji. Kisha Blu-ray ya Marekani ya mwaka 2018 ikatoka bila sekunde hizo, kwa sababu haki za filamu moja ziko mikononi mwa watu tofauti huku na kule. Mashabiki walio makini wanalazimika kununua zote mbili, maana rangi za ile ya Marekani zinawavutia wengi zaidi.

Haki hizo za kumiliki zinaamua mengi kuliko mnunuzi anavyodhani, hata maana ya neno "klasiki". Kasha la studio huwa na filamu za studio hiyo. Linaandikwa kuwa ni mkusanyo wa filamu bora za wanyonya damu wakati ukweli ni mkusanyo wa filamu bora zilizomo kwenye ghala moja. Mtu akiinunua na kuamini jalada, ataingia kaburini bila kujua kwamba kulikuwa na Blacula ya mwaka 1972.

Filamu hiyo iliongozwa na William Crain, na William Marshall, mwigizaji wa jukwaani mwenye sauti nzito ya kusimamisha nywele, ndiye aliyeifanya iwe jinsi ilivyo. Maandishi ya awali yalimpa mhusika jina la Kimarekani tu, Andrew Brown. Marshall akakataa, akasisitiza mhusika awe mwana wa mfalme kutoka Afrika. Kwa hiyo filamu inaanza mwaka 1780: Mamuwalde na mkewe Luva wamekwenda ngomeni kwa Dracula kumwomba asaidie kukomesha biashara ya watumwa. Mwinyi anawacheka, anamtazama Luva kama bidhaa, kisha anamng'ata Mamuwalde, anampachika jina la dhihaka linalofanana na lake na kumfungia kwenye jeneza. Bajeti ni ndogo na inaonekana. Baadhi ya vichekesho vyake vimezeeka vibaya, hasa vinavyowahusu wapenzi wawili wa kiume waliolinunua jeneza. Lakini dakika zile za mwanzo zimesema jambo ambalo sijaliona kwenye kasha lolote la Universal.

Na nadhani sisi wa huku tunalielewa haraka. Babu zetu walikuwa na mumiani. Neno lenyewe lilikuwa jina la dawa nyeusi iliyokuja na wafanyabiashara kutoka upande wa Uajemi, ambayo watu waliamini imetengenezwa kwa damu, kisha likawa jina la mtu anayeitafuta damu hiyo. Wakati wa ukoloni alisimuliwa kila mahali, kuanzia pwani hadi Uganda, ambako na Kenya pia alijulikana kama wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo na kuzichambua kwa uzito unaostahili. Mumiani hakuwa na meno marefu wala joho. Alikuwa na kazi, gari, vifaa na mwajiri. Alichukua damu ya watu kwa ajili ya mtu mwingine aliye mbali. Bibi yangu alipokuwa akitusimulia hakumwita jini wala zimwi hata mara moja, alisema "watu wale". Mtu aliyekulia kwenye simulizi hiyo akiona Dracula anayezungumza habari ya watumwa mezani, baada ya chakula, hahitaji mhakiki wa kumfafanulia.

Mwaka uliofuata, 1973, Bill Gunn alitoa Ganja & Hess. Watayarishaji walitaka Blacula nyingine ya kuuzika, yeye akawapa filamu tulivu, ya ajabu, kuhusu msomi tajiri mweusi, akiigizwa na Duane Jones, anayechomwa kisu cha kale cha Kiafrika na kupata kiu ya damu asiyoweza kuishinda wala kuitubu. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, katika wiki ya wahakiki. Nyumbani, wasambazaji waliikata hadi dakika 78, wakaibadili jina na kuipeleka kwenye kumbi za filamu za bei poa. Ile halisi, yenye karibu dakika 110, ilinusurika kwa sababu nakala ilikuwa imewekwa kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na ndiyo iliyokuja kukarabatiwa na kutolewa kwa Blu-ray. Niliitazama mara ya kwanza nikiwa nimechoka, sikuielewa, nikaiweka kando. Mara ya pili nilibaki nimekaa gizani baada ya majina kupita. Kama ningepewa kuchagua filamu moja tu ya kutoka na nyumba ikiwaka moto, ningeichukua hii kabla ya Lugosi.

Kuna kero moja ya kwetu nisiyoweza kuiacha. Kasha langu la kwanza nililiagiza Marekani kupitia muuzaji wa mtandaoni. Lilichukua wiki saba. Nilifungua nailoni kwa wembe polepole, jalada likitoa harufu ya wino mpya, nikaweka diski kwenye deki, na deki ikaandika kwamba diski haikubaliki. Ndivyo dunia ya DVD ilivyogawanywa: Marekani na Kanada kanda ya 1, Ulaya Magharibi na Japani kanda ya 2, sehemu kubwa ya Afrika kanda ya 5. Muuzaji hakuwa ameandika popote. Ilibidi fundi anitafutie deki ya Kichina isiyojali kanda. Kwenye Blu-ray tumepata afueni, maana Afrika imewekwa kundi B pamoja na Ulaya, kwa hiyo anayeagiza Uingereza atatazama bila taabu. Anayeagiza DVD za Ulaya ajue jambo lingine: mfumo wao wa televisheni unakwenda picha 25 kwa sekunde wakati filamu za sauti zilipigwa kwa 24, hivyo Dracula ya dakika 75 inaisha kwa dakika 72 na sauti ya Lugosi inapanda kidogo. Kwa mtu ambaye uigizaji wake wote umo kwenye mwendo wa kuvuta maneno, hiyo si hasara ndogo. Na katika makasha yote ninayoyamiliki, yenye manukuu ya Kifaransa, Kihispania, Kijerumani na hata Kidenmaki, sijawahi kukuta ya Kiswahili.

Wapo waliofanya kazi kwa uaminifu hata pale ambapo filamu yenyewe haipo tena. London After Midnight ya mwaka 1927, ambayo Browning aliifanya na mwigizaji Lon Chaney mwenye meno ya msumeno na kofia ndefu, nakala yake ya mwisho inayojulikana iliungua kwenye ghala la studio ya MGM katika miaka ya 1960. Mwaka 2002 picha za mnato zilizosalia zilipangwa kwa kufuata maandishi ya filamu, zikawekwa kwenye DVD za Chaney mwaka uliofuata, na mtazamaji anaambiwa tangu mwanzo anachokitazama ni nini. Hakuna kinachosogea isipokuwa kamera juu ya picha. Ila unakaa hadi mwisho.

Ndiyo maana nina ombi moja kwa Universal. Dracula ya 1931 ilikuwa na kipande cha mwisho ambacho hakimo kwenye toleo lolote la filamu niliyonayo. Baada ya kila kitu kuisha, Edward Van Sloan, aliyeigiza Van Helsing, alitokea mbele ya pazia la ukumbi akawaaga watazamaji. Aliwaambia wasiogope, kisha akawakumbusha kwamba wakifika nyumbani, taa zikizimwa, wakaogopa kufungua pazia, wajikaze na kukumbuka kwamba, hata hivyo, viumbe hawa wapo kweli. Kilikatwa filamu iliporudi kumbini mwaka 1936, ikihofiwa kuwaudhi watu wa dini, na kimeharibika vibaya tangu hapo. Kipande chake kifupi kimewahi kuonyeshwa ndani ya filamu ya maelezo, kwa hiyo mabaki yapo. Sihitaji kisafishwe. Kiwekwe kwenye diski ya ziada kama kilivyo, na madoa, na sauti inayokatika, na pale picha inapokosekana kuwe na giza na maandishi ya maneno yake. Nitalinunua kasha hilo mara ya nne.